Ng'ombe Warudi Mlimani

Mwezi wa Mei jiko letu hunukia mkate na soseji za kukaanga. Wageni huja huku kwetu Burren, kwenye milima ya mawe, kuona ua dogo la bluu linalochanua kati ya mawe. Mimi, Sorcha, huwapikia na kuwalaza. Mume wangu, Donncha, hufuga ng'ombe.

Mei moja mgeni mmoja alishuka mlimani amenuna.

"Mama, maua yako wapi? Tumeona majani matupu!"

Akaondoka na wenzake, hata chai hawakumaliza. Hasira zikanipanda. Nikamgeukia Donncha.

"Ni ng'ombe wako!"

"Ng'ombe gani?" akafoka. "Si wewe uliyefunga lango la mlima? Mwaka wa tatu huu, majira yote ya baridi wamo bandani. Ulisema watakanyaga maua. Haya, yako wapi?"

"Usinifokee jikoni kwangu!"

Jirani yetu, Bi Attracta, amechunga ng'ombe kwenye mlima ule tangu utotoni. Alisikia kelele, akaingia bila hodi.

"Kelele tupu! Sorcha, nifuate."

Mlimani alipiga magoti, akatenganisha majani marefu makavu. Chini yake palikuwa na mche mdogo, umepauka.

"Ua lako hili hapa. Halioni jua. Ng'ombe hula majani haya wakati wa baridi, ua likiwa limelala. Kabla ya Mei wanashuka, nalo linachanua. Babu zetu walifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Wewe umelifunika blanketi, halafu unauliza kwa nini haliamki!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukanijibu wageni hawapendi mavi."

Ni kweli, nilisema hivyo. Nilijikasirikia hadi machozi yakanitoka.

Mwisho wa Oktoba nilifungua lango kwa mkono wangu mwenyewe. Donncha akapitisha ng'ombe wote bila kunitazama. Alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki. Walikaa huko mpaka Aprili.

Mei iliyofuata maua hayakuwa mengi, lakini yalikuwepo. Nilipoona la kwanza nilimwita Donncha kwa kelele, naye akaja mbio. Wiki hiyo mgeni mmoja alisimama mlangoni akilalamika.

"Mama, nimekanyaga mavi huko juu!"

"Maua umeyaona?"

"Nimeyaona. Mazuri sana."

"Basi mshukuru mwenye mavi. Futa viatu, uje unywe chai."