Ng'ombe Kwenye Bwawa la Kuogelea

Kila alasiri Munyiva alibeba madumu mawili hadi kioski cha maji cha mtaa wa Noonkopir, akapanga foleni isiyokwisha. Siku hiyo ya mwaka wa 2004 alikuwa hoi zaidi. Mwalimu Phylis alikuwa ameagiza darasa la saba liandike historia ya bwawa kuukuu la kuogelea la hoteli ya mjini.

"Muulizeni Mzee Muteti aliyelitunza," alisema.

Mzee aliishi mbali, ng'ambo ya barabara ya Namanga. Munyiva alikalia dumu lake, akaandika porojo za foleni: mtunzaji alikuwa mvivu, maji yakaoza, bwawa likafungwa. Kazi ikaisha kabla dumu halijajaa. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Kesho yake alisoma darasani kwa sauti. Mwenzake Kavutha alisimama huku machozi yakimlengalenga.

"Huyo ni babu yangu! Ulimuuliza?"

Munyiva aliona haya, akatamani ardhi immeze.

Jioni alimfuata Kavutha hadi kwa mzee, miguu ikimuuma. Mzee Muteti alikuwa akipaka mafuta mikono yake iliyochubuliwa miaka ile na dawa ya kusafishia maji ya bwawa. Munyiva alimsomea yote.

Mzee alipumua kwa uchovu. "Mwaka wa elfu mbili kiangazi kilikuwa kibaya. Wamaasai walikuja na ng'ombe wamekonda, mifupa tu. 'Sopa, mzee,' walinisalimu, na mimi nikaangalia yale maji ya watu kuchezea. Ng'ombe hawezi kunywa dawa. Nikaacha kuiweka wiki mbili, halafu nikafungua geti. Ng'ombe walishuka upande wa watoto, penye kina kifupi, wakakunywa mpaka chini. Kwato zilivunja vigae vyote. Mwenye hoteli akanifuta kazi, akafunga bwawa."

"Mbona hukusema, mzee? Miaka minne watu wanakuita mvivu!"

"Ningeambia nani? Hakuna mtu aliniuliza."

Munyiva alilia. "Nisamehe, mzee. Nilikuwa nimechoka."

"Hata mimi nimechoka, mjukuu wangu. Andika tena."

Jumatatu alisoma upya, mzee akiwa ameketi mbele ya darasa na shati lake la Jumapili. Alipomaliza, Kavutha alimpisha Munyiva kwenye dawati.

"Kuchoka si kosa, watoto," alisema Mwalimu Phylis. "Ukichoka, pumzika, kisha uende ukaulize. Munyiva alikwepa mwendo wa saa moja, na jina la mtu mwema likachafuliwa mara ya pili."