Masaa Saba Mpaka Istanbul

Walikutana soko la samaki Musoma, wote wawili wamemshika sato mmoja, huyu kichwani, yule mkiani.

"Kaka, mi nimemwona kwanza."

"Basi mchukue, dada, ila mi nichukue namba yako," Burito alijibu.

Matrida, gauni la njano limemkaa barabara, alicheka mpaka muuza samaki akacheka naye.

Mwaka uliofuata Burito alipata nafasi ya kusoma Istanbul. Jumuiya ya kina Matrida, kule Butiama, ilimwombea, na mzee Ryoba, baba yake Matrida, akamchinjia mbuzi. Kumbe asubuhi ya siku hiyo hiyo Burito alikuwa amepata habari kwamba viza imekataliwa. Aliwatazama wazee wakimpigia makofi, akashindwa kusema. Kesho yake Matrida alimsindikiza stendi ya Musoma, macho mekundu.

"Sitii kitu mdomoni mpaka uniambie umefika. Kwetu msafiri huwaga tunamwombea kwa kufunga."

Basi la Mwanza, ambako angepanda ndege ya Dar es Salaam, lilipofika Bunda, Burito alishuka na begi lake, akaenda kujificha kwa rafiki yake Samwel.

Asubuhi iliyofuata aliketi kupima safari asiyosafiri. Simu ilimwambia kutoka Dar es Salaam hadi Istanbul ni zaidi ya kilomita elfu tano, masaa saba angani. Ndege ambayo angepanda ilikuwa imepaa alfajiri, kwa hiyo bado sana. Aliisukuma kando chai ya Samwel. Matrida ana njaa tangu jana, anamfungia mtu aliyekaa Bunda anakula chapati! Roho ilimsuta, uvumilivu ukamshinda, akapiga.

"Mpenzi, nimefika salama. Kula sasa."

"Umefika wapi, Burito? Mi nimekaa na simu tangu alfajiri, naipima hiyo njia. Saa hizi ndege yako iko juu ya Sudan."

"Matrida..."

"Uko wapi?"

"Bunda." Machozi yalimtoka. "Viza walikataa. Niliona aibu. Ila kukuacha na njaa nimeshindwa."

"Yaani nimelia stendi yote ile, na wewe unajua!"

"Nisamehe, kipenzi. Nakuja leo, giza likiingia, tuongee wawili."

"Giza la nini? Ulinidanganya mi peke yangu? Jumapili jumuiya inasali kwetu. Uje mchana, watu wakuone. Usipokuja, usinipigie tena."

Jumapili alikwenda. Alisimama mbele ya mabenchi.

"Sikusafiri," alisema. "Hata siku ya mbuzi nilikuwa najua."

Minong'ono ikaenea. Mzee Ryoba alitazama pembeni. Burito alitamani ardhi immeze.

Hapo Matrida akanyanyuka upande wa wanawake, akapita katikati ya watu wote, akaja kusimama kando yake.

"Mi bado nina hasira na wewe," alimnong'oneza. "Haya, piga magoti, tumwombe baba msamaha."

Akatangulia yeye kupiga magoti.