Kaktasi Iliyolelewa Kama Chai

Kila asubuhi Caren hufungua kitalu chake cha chai pale Litein, hunyunyizia miche maji, kisha huifunika tena kwa karatasi ya nailoni. Kazi hiyo anaijua vizuri sana. Kwa hivyo mama yake alipovunjika mguu na kulazwa hospitali ya Longisa, akamwachia kaktasi yake ndogo yenye miiba na maua mekundu, Caren hakuona ugumu wowote. Aliiongezea udongo mweusi na mbolea ya ng'ombe, akaimwagilia kila siku, akaifunika nailoni.

"Kaktasi yangu iko aje?" mama aliuliza kwa simu.

"Iko sawa, Mama."

Sawa wapi. Ilikuwa imelainika na kuanza kunuka. Caren aliogopa kweli. Marehemu baba yake ndiye aliyemletea mama kaktasi ile.

Akaipeleka kwa Nyaberi, jirani yake anayeuza maua ya mikebe sokoni.

"Mama Weldon, hii umeilea kama chai," Nyaberi alimwambia Caren, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Si ni mmea tu?"

"Ni mmea, lakini maji yake huyaweka mwilini. Ukizidisha, mizizi inaoza."

Shina kubwa halikuwa la kupona. Lakini kando yake kulikuwa na vitoto vitatu, bado vigumu. Nyaberi akavikata.

"Usivipande leo. Viache kivulini siku kadhaa, kidonda kikauke. Halafu toboa mikebe chini. Changanya udongo kidogo na mchanga na kokoto. Mbolea ya ng'ombe hapana. Weka dirishani penye jua, mvua isivifikie."

"Na maji?"

"Ingiza kijiti kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na unyevu, achana navyo. Wakati wa baridi ni kama uvisahau. Hapo ndipo vinajiandaa kutoa maua."

Kuviacha ndiko kulimtesa Caren. Mara nyingi alishika jagi, akalirudisha.

Baridi ilipokwisha, mama alirudi nyumbani na mkongojo. Alienda moja kwa moja dirishani.

"Ile kubwa iko wapi?"

"Niliiua, Mama. Niliinywesha maji mno. Nilikudanganya kwa simu."

Mama aliegemea mkongojo. Kisha akainama. Kitoto kimoja kilikuwa na ua jekundu, dogo kama kifungo cha shati.

"Baba yako aliniletea ikiwa hivi hivi," alisema, akajifuta macho. "Hiki kingine mpelekee Phelis, yule tuliyelala naye wodini."

"Sawa, Mama."

"Na umwambie asikilee kama chai."