Swali la Ishirini

Benchi la barazani lilikuwa limelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha Kigali tangu mwanzo wa Juni.

Silvère Mutsinzi aliliona aliporudi nyumbani saa saba mchana kula. Tope jekundu, bichi, na mahali palipobonyea kwa mtu aliyekaa muda mrefu. Alimuuliza mkewe ni nani amemwaga maji. Daphrose, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wao Belyse, alisema hakuna maji yaliyomwagwa, ila iko mzee alikuja, akangoja hapo tangu saa tano, hakutaka uji wala chai.

"Anaitwa Twagirayezu Cassien, anauza makaa Kimisagara," Daphrose alisema. "Amesema nikwambie amekuja kwa raundi ya pili."

Silvère aliweka kijiko chini. Alimjua Cassien. Alikuwa mtu wa mia moja sitini na moja katika utafiti wake, na alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita.

Hapa lazima tumseme Silvère kidogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Alifundisha uongozi wa biashara katika chuo kimoja juu ya bonde, wanafunzi wakamwita profesa kabla hajawa profesa, naye hakuwasahihisha. Mwaka 1992 profesa wa kweli, Frederick wa Kanada, alimwandikia kwamba wafanye utafiti pamoja juu ya wachuuzi wadogo wa Kimisagara. Wahojiwe watu mia mbili, kwa majina yao, na baada ya mwaka wahojiwe tena walewale. Kazi ikikamilika, Silvère angepewa nafasi ya mwaka mzima katika chuo cha Frederick, yeye na familia yake, kuanzia Januari 1994.

Alianza vizuri. Alishuka bondeni kila siku na fomu zake, akahoji mafundi cherehani, wauza maharage, waziba masufuria. Alipofika watu mia moja na sitini guruneti lililipuka karibu na stendi, na miguu yake ikakataa kushuka tena. Frederick alitaka fomu Jumatatu. Jumapili Silvère alikwenda makaburini kupalilia kaburi la baba yake, akakaa juu ya jiwe, akaitazama misalaba. Jina la kubuni linajulikana tu, alijiambia, lakini jina la msalabani lilikuwa na mwenyewe. Na maiti halalamiki. Akanakili majina arobaini, akayagawia kazi, umri na watoto. Siku za mwizi ni arobaini, na huyu alijihesabia mwenyewe.

Sasa ulikuwa Agosti 1993. Walio hai alikuwa ameshawahoji tena kwa kuwaita chuoni, na wale arobaini nao walipaswa kuhojiwa tena.

Alirudi ofisini mchana uleule kuzijaza fomu zao mpya, apate kumaliza. Alipovuta droo alipigwa na harufu ya udongo uliochimbwa. Fomu arobaini alizoziacha tupu zilikuwa zimejazwa. Kila moja ilikuwa na mwandiko wake tofauti, na penye sahihi palikuwa na alama ya dole gumba, ya tope. Alisoma ya Cassien. Swali la tatu, unafanyia wapi biashara yako? Chini. Swali la nane, ni shida gani kubwa mahali pako pa kazi? Hakuna mlango. Swali la kumi na moja, ni nani wanaokusaidia? Walikuwa wakija Jumapili, hawaji tena.

Hakuweza kuendelea. Alifunga droo kwa goti na kwenda nyumbani kumweleza mkewe kila kitu, hata habari ya misalaba.

Daphrose alimsikiliza mpaka mwisho. Alizaliwa Bukavu, kwa wazazi waliokimbia mauaji Rwanda zamani, akarudi nchini kwa ndoa tu, na miezi hii alikuwa akiona mambo ambayo mama yake alimsimulia utotoni. Majirani walikuwa wameacha kumjibu salamu. Redio ilikuwa ikitania watu kwa maneno yasiyochekesha.

"Mama yangu alikimbia nchi hii usiku, sufuria kichwani," alisema. "Mimi nataka kuondoka mchana, na tiketi. Fomu zimejazwa, Baba Belyse. Tuma."

Silvère akapiga nakala za zile fomu bila kuzisoma, akazipeleka posta pamoja na zile mia moja na sitini za watu walio hai. Siku ile alijisikia mwepesi. Daphrose alikuwa ameshanunua makoti matatu ya mitumba, moja dogo sana, akayatundika nyuma ya mlango.

Lakini wale arobaini hawakuwa na habari za posta. Walikuja kila siku wakati jua liko utosini, kwanza wawili, halafu saba, halafu Daphrose akaacha kuhesabu. Walikaa kwa foleni barazani, wapole, wamekunja mikono. Silvère hakuwaona hata mara moja. Aliona benchi likilowa mbele ya macho yake, alisikia mtu akivuta pumzi nzito kana kwamba ana kitu kifuani, na ile harufu ikaingia katika mashuka, katika maziwa, katika nywele za mtoto.

Siku moja Daphrose alimfuata jikoni, akamsemesha kwa sauti ya chini sana.

"Iko mwanamke pale getini. Illuminée. Ameshika ngobo ya kubebea mtoto. Anasema, mwarimu aliandika nina mtoto mmoja wa kike, ananyonya. Mimi sikuzaa. Basi nimekuja kumchukua."

Silvère alitafuta fomu yake ya kwanza. Illuminée, muuza ndizi, mtoto mmoja wa kike, ananyonya. Aliyaandika hayo juu ya jiwe la makaburini kwa kalamu iliyokuwa ikikauka, akiwaza chakula cha mchana.

Walimwita Kankindi, bibi kizee aliyejulikana kwa kuwatuliza abazimu, yaani roho za waliokufa. Hakuchoma kitu wala kunyunyiza dawa. Alikaa kwenye lile benchi bila kujali tope, akasikiliza, akamuuliza Silvère mambo mawili matatu. Kisha akasema hawa hawakutumwa na adui yeyote.

"Uliwaita kwa majina, ukawapa kazi na watoto. Kule kwa mzungu wamehesabiwa kuwa hai. Kawafute huko, halafu rudisha kila karatasi kwa mwenyewe, umwambie kwamba ulimdanganya."

Silvère alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, na hakufanya lolote. Kuwafuta kulikuwa kuifuta Kanada. Januari haikuwa mbali. Avumiliaye hula mbivu, alimwambia mkewe.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, Daphrose alimlaza Belyse kitandani akaenda kuanua nguo uani, hatua kumi, mlango ukiwa wazi, na aliporudi kitanda kilikuwa kimelowa na mtoto hayupo, akaita, na Silvère akatoka mbio akapita chumba kwa chumba, akatazama chini ya meza, ndani ya kabati, ndani ya pipa la maji ambalo aliogopa kulifunua na akalifunua, akasikia nyuma ya nyumba mwanamke akiimba taratibu kama wanavyoimba wanaobembeleza, akaufuata wimbo mpaka kwenye kitalu cha mboga, pale ardhi ilipokuwa ngumu kama tofali tangu Juni, na pale ardhi ilikuwa imechimbuliwa, laini, kipimo cha mtoto mchanga, na Belyse alikuwa amelazwa ndani yake, amefunikwa kwa udongo mpaka kidevuni, macho wazi, kimya, na mdomoni amejaa tope akilinyonya.

Wimbo ulikoma. Daphrose alimtoa mtoto udongo kinywani kwa kidole, na Belyse akalia, na baba yake naye akalia.

Hakungoja hata kunawa. Alipiga taipu barua kwa Frederick na mikono ileile: watu arobaini kati ya mia mbili ni marehemu, majina nimeyatoa makaburini, naomba wafutwe. Akaipeleka posta. Kutoka posta alikwenda makaburini na zile fomu, akazunguka msalaba kwa msalaba, akizika karatasi na kuomba radhi. Kwa Illuminée alipiga magoti. Alimwambia kwamba yule ni mtoto wa Daphrose, na kwamba alimwandikia uongo kwa sababu alikuwa na njaa na haraka. Aliporudi nyumbani benchi lilikuwa kavu, lina vumbi.

Hawakuja tena. Mtoto alinenepa. Januari ikapita, na Daphrose hakumlaumu mumewe hata siku moja, jambo lililomuumiza Silvère kuliko lawama.

Jibu la Frederick lilifika Alhamisi, tarehe 31 Machi 1994. Lilikuwa la heshima. Alishukuru kwa ukweli, ingawa umechelewa. Nafasi amepewa mtu mwingine. Na kwa kuwa faili limefungwa, anarudisha nakala za zile fomu arobaini. Chini yake alikuwa ameongeza maneno kwa kalamu ya risasi.

"Nilikuwa na shaka hata kabla ya barua yako. Tazama swali la ishirini. Walio hai walijibu kila mtu lake. Hawa arobaini wamejibu kitu kimoja. Kwa nini ulichagua mwezi huo?"

Katika fomu hizo arobaini Silvère hakuwa amewahi kufika swali la ishirini. Alifunua nakala ya Cassien. Je, unatarajia wenzako mahali pako pa kazi kuongezeka mwaka ujao, na kama ndiyo, kuanzia lini? Ndiyo. Sana. Kuanzia Aprili. Akafunua ya Illuminée, ikawa hivyohivyo. Akafunua zote mpaka ya mwisho.

Alinusa hewa. Lakini ulikuwa msimu wa mvua, na Kigali nzima ilinuka udongo uliolowa.

Alimuuliza Daphrose masanduku ya safari yako wapi. Daphrose alikuwa akimlisha Belyse uji, na hakuinua uso.

"Niliyauza, pamoja na makoti," alisema. "Kwani tunaenda wapi?"