Kaseti ya Papa Lambert

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chimène alifanya kazi zake kwa utaratibu uleule. Alifagia uwanja, akachota maji, akamwosha uso mdogo wake Sadrack. Kisha alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa na kupanga betri za radio kwenye bati la jikoni ili zipigwe na jua. Miaka ile ya vita, betri mpya zilikuwa adimu Kisangani. Meli hazikupanda tena mto kutoka Kinshasa, na vitu vichache vilivyokuja kwa ndege vilikwisha kabla havijafika Kabondo, mtaa wao. Betri zilizochoka zikipata jua zilifufuka kidogo, zikatosha kwa habari za jioni.

Kwa sababu hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuchezea radiokaseti ya nyumbani. Hata kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya biki, ikizungushwa kwa mkono mpaka vidole viume, maana mashine ikiirudisha yenyewe ilikula betri. Kazi hiyo ilikuwa ya Chimène. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alijihesabu kuwa fundi.

Baba yao, papa Lambert, alikuwa makanika wa meli. Vita vilimkuta Kinshasa, mto ukafungwa, naye akashindwa kurudi. Sadrack alizaliwa baba hayupo. Baadaye mabomu yalianguka Kisangani, na mtu mmoja aliyekimbia mji akamwambia papa Lambert kwamba nyumba yake imeteketea pamoja na watu wake wote. Haikuwa kweli. Iliyoteketea ilikuwa nyumba ya nyuma yao. Lakini papa Lambert alinyoa nywele, akakaa matanga peke yake katika mji wa watu.

Habari hizo zililetwa na sista Agathe, muuguzi wa zahanati ya parokia, aliyekutana naye Kinshasa. Sista alimwambia kwamba mama yake, mke wake na watoto ni wazima. Papa Lambert alimpa kiti, akamshukuru kwa adabu, ila hakumwamini. Alidhani anafarijiwa tu. Sista alipotaja barua, alijibu kwamba barua inaweza kuandikwa na mtu yeyote.

"Nikisikia sauti ya mama yangu, hapo nitaamini," alisema.

Sasa sista alikuwa anarudi tena Kinshasa kwa ndege ya misaada, na familia iliamua kumrekodia papa Lambert kaseti. Chimène aliazima mikro ya kwaya, kwa sababu mikro ndogo iliyomo ndani ya radio ilinasa zaidi kelele za barabarani kuliko maneno ya watu. Tonton Alexis, mdogo wa baba yao, alikuja kwa mtumbwi kutoka Yanonge akiwa na samaki wa kukaushwa, ili naye aseme neno.

Alasiri hiyo Chimène aliichomeka mikro kwenye radio, akaijaribu kama alivyomwona kiongozi wa kwaya akifanya kila Jumapili. Aliigonga kwa kidole, akaipuliza, akasema kwa sauti nzito, "Allô, allô. Un, deux. Un, deux." Kanisani, maneno hayo yakisemwa, vipaza sauti hunguruma na kila mtu akajua mikro iko hai. Hapa radio ilinyamaza. Chimène hakushtuka, kwani mashine inaporekodi haisemi.

Mama Simone, mama yake, aliuliza kama haingefaa wasikilize kidogo kwanza.

"Tutamaliza betri, mama," Chimène alijibu. "Nimeshajaribu. Si umenisikia?"

Basi wakasema. Koko Hélène, bibi yao, alisema muda mrefu kuliko wote. Alimsalimu mwanawe kwa jina la utotoni, akamweleza nani amezaa na nani amezikwa. Tonton Alexis alisimulia habari za nyavu. Sadrack alisema, "Papa, ni mimi Sadrack," kisha akacheka sana bila sababu, wote wakacheka naye. Zamu ya mama Simone ilipofika, koko aliwatoa wote nje ili mama Simone aseme na mume wake kwa nafasi. Alitoka akifuta macho kwa ncha ya kitenge, lakini uso wake ulikuwa mwepesi.

Kesho yake asubuhi sista Agathe alifika kuchukua kaseti. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa linakuja kumchukua hapohapo.

"Mmeisikiliza?" aliuliza.

Chimène alishusha pumzi kwa nguvu. Alieleza tena habari za betri, na kwamba yeye mwenyewe alijaribu mikro mbele ya watu wote. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba angependa kusikia japo salamu ya koko. Chimène alizungusha biki huku amenuna, akaingiza kaseti, akabonyeza.

Kaseti ilivuma kama mvua ya mbali. Walingoja. Chimène aliipeleka mbele kidogo, ikavuma vilevile. Aligeuza upande wa pili, hakuna kitu.

"Haya yote niliyosema jana," koko aliuliza polepole, "yako wapi?"

Sista Agathe alichukua mikro, akaigeuzageuza, akaonyesha kitufe kidogo kwenye shingo yake. Kilikuwa kimefungwa. Mikro ilikuwa imelala tangu ilipotoka kanisani, na ile ndogo ya ndani ya radio hukatika nyingine ikichomekwa.

"Alors, fundi mkubwa," alisema tonton Alexis. "Allô, allô. Un, deux. Mto mzima ulikusikia, isipokuwa kaseti."

Mama Simone hakutania. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akashika shavu. Maneno ya jana yalimchukua miezi kuyapanga moyoni, na sasa hakujua kama angeweza kuyasema tena. Tonton Alexis naye alilalamika kwamba wenzake wanamngoja ufukoni. Koko alilalamika kwamba koo linamwuma. Sadrack, alipoona watu wakubwa wamekasirika, alianza kulia. Juu ya hayo, Chimène alipobonyeza ili waanze upya, magurudumu ya kaseti yalizunguka mara moja mbili, yakasimama. Betri zilikuwa zimekufa.

Chimène alikimbia bila viatu hadi duka la mama Katungu, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza chumvi na sabuni kwenye kona. Betri za kuuza hazikuwapo tangu mwezi uliopita. Mama Katungu alimtazama mtoto huyu, akamwuliza ni za nini, naye akaeleza yote bila kujitetea. Mwanamke yule alinung'unika kwamba siku hizi hata kupumua kuna taabu. Huku ananung'unika aligeuza radio yake mwenyewe, ile aliyoitumia kufuatilia habari za kwao, ambako wazazi wake walibaki. Alitoa betri zake zote na kuzitia katika mikono ya Chimène.

"Kimbia," alisema. "Nitasikia habari siku nyingine."

Nyumbani, Chimène alitia betri, akairudisha kaseti mwanzo kwa biki, akafungua kitufe cha mikro. Safari hii hakusema allô. Alibonyeza mashine ianze kurekodi, akamsogezea koko mikro, akamwomba aseme kitu chochote ili wasikilize.

Koko Hélène alikuwa amechoka na jambo hili lote.

"Niseme nini sasa? Jana nimesema mpaka mate yamekauka. Chimène, wewe unafanana na baba yako kichwa kwa kichwa. Hata yeye nilimwambia, Lambert, funga mlango wa kuku. Akasema, mama, nimeshafunga. Asubuhi kuku wote wako kwa jirani, na yeye bado anabisha kwamba alifunga. Sasa na wewe, nimeshajaribu, nimeshajaribu. Nyinyi watu mtaniua."

Chimène alisimamisha mashine, akairudisha kaseti nyuma kwa mashine yenyewe, betri ziliwe tu. Alibonyeza, na sauti ya koko ikajaa chumbani, na kuku wake wote.

"Huyu mama mzee anayegomba hivi ni nani?" koko aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo watu walicheka.

Chimène alitaka kuufuta ugomvi ule waanze vizuri, lakini honi ya gari ilisikika barabarani. Sista alisema hakuna nafasi, wauache, waendelee palepale. Wakaendelea. Walisema kwa kifupi, na si kwa uzuri kama jana. Sadrack alikataa kabisa kucheka, akasema "Sitaki" na kujificha chini ya meza. Mama Simone alisema maneno machache tu, mbele ya wote. Dereva alipiga honi tena, lakini Chimène hakuitoa kaseti mpaka alipokwisha kusikiliza mwisho wake na kuhakikisha umeshika. Sista Agathe aliifunga katika kitambaa, akaondoka.

Wiki nyingi zilipita kabla sista hajarudi. Alipofika, familia nzima ilimzunguka hata kabla hajaketi. Alisimulia kwamba papa Lambert aliweka kaseti akiwa amesimama, kama mtu asiyetegemea kitu. Ikaanza sauti ya koko ikigomba. Ilipofika kwenye kuku, aliketi chini. Alicheka, kisha akalia, akaomba irudishwe mwanzo. Alisema salamu nzuri mtu anaweza kufundishwa kuziiga, lakini hakuna mtu Kinshasa nzima anayejua habari za kuku wale. Sasa alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani.

Mama Simone aliinamisha kichwa mapajani. Koko Hélène alimvuta Chimène karibu yake.

"Mwanangu, hukuwa mvivu, wala hukusema uongo," alisema. "Ulipiga kelele kwenye mikro ukadhani huko ndiko kujaribu. Kujaribu ni kusikiliza kilichoshika. Ulizionea huruma betri, nakuelewa, sote tulizionea. Lakini fikiria sista angempelekea ile kaseti ya kwanza. Baba yako angekaa, angengoja sauti yangu, na angesikia kimya. Angejua kwamba tumekufa kweli, na safari hii angeambiwa na sisi wenyewe."

Mkono wa koko ulikuwa bado begani mwa Chimène.

"Kazi yoyote inayokwenda mbali," koko alisema, "ihakikishe ingali mikononi mwako. Ikishaondoka, huwezi kuikimbilia."