Soksi Isiyo na Kisigino

Kila jioni, Chiriku alifua soksi za baba yake. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, maana binti huyo akianza kuongea hana breki. Lakini tangu baba arudi kutoka hospitali na mguu wa bandia, kulikuwa na jambo moja ambalo Chiriku hakulisema kwa mtu.

Soksi zile zilivaliwa kwenye kigutu, ndani ya mguu wa bandia. Zilikuwa nene na hazikuwa na kisigino. Muuguzi alisisitiza zianikwe nje mpaka zikauke kabisa. Kamba ilikuwa uani, mbele ya wapangaji wote, na siku ya kwanza tu rafiki yake alicheka, "Hizi soksi za tembo?" Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo alizianika uvunguni mwa kitanda chake.

Baba alikuwa kinyozi, kazi ya kusimama kutwa. Alirudi kibandani kwa furaha, wateja wakamtania kwamba sasa ana mguu usioumwa na mbu. Jioni alipozivua zikiwa na unyevu, alidhani ni jasho. Kabla wiki haijaisha, alirudi nyumbani kwa magongo. Kigutu kilikuwa kimechubuka.

"Labda kazi ndiyo basi tena," alimwambia mama kwa sauti ya chini.

Chiriku alisikia, chakula kikamshinda. Alienda chumbani, akarudi na soksi. Zilikuwa bado mbichi na zilinuka uvundo.

"Baba, ni mimi. Nilizianika uvunguni. Niliona haya watu wakiziona."

Baba alizishika, akazigeuza mkononi. Chiriku alitamani hata agombezwe.

"Kwa hiyo ulikuwa unanionea haya mimi," baba alisema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Hata mimi mwanzoni nilijifunika shuka wageni wakija. Nakuelewa. Lakini aibu ndiyo iliyonichubua, mwanangu. Siku nyingine niambie mapema. Ngozi yangu haina subira."

Kidonda kilipopona, baba alirudi kazini. Jioni moja rafiki alimkuta Chiriku akianika soksi katikati ya kamba.

"Zile za tembo?"

Chiriku aliona haya, lakini hakuziondoa. "Za baba. Anazivaa kwenye kigutu, ndiyo maana anaweza kusimama akamnyoa kaka yako."

Rafiki aliinama, akamwokotea kibanio kilichoanguka.

Baba, aliyekuwa ameketi mlangoni, alicheka. "Umeona, Chiriku? Ukweli ukishausema, kilichobaki ni kuanika tu."