Paa la Mama na Ukuta wa Kahawia

“Wewe mnara, hebu sogea! Namba haionekani.”

Ukumbi wa wateja wa kampuni ya bima ulikuwa umefurika. Viti vyote vilikuwa na watu, kila mtu kashika bahasha na kikaratasi cha namba, na kioo kilichotundikwa juu ya madirisha ya makarani kilibadilisha namba kwa uvivu. Kijana aliyeitwa mnara akageuka. Alikuwa mrefu kweli. Shati lake la kijivu lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, na utepe wa kupimia ulining’inia kwenye mkanda wake. Macho yake yakatua kwa msichana aliyevaa gauni la njano na kilemba cha buluu, mikono yake imekolea rangi za kila aina mpaka viwikoni.

“Samahani, dada. Una namba ngapi?”

“Mia moja na nne. Wanaita sabini na mbili. Nitazeekea hapa.”

“Ukizeeka hivyo hivyo ulivyo, hakuna hasara.”

Msichana akabana kicheko, kikamtoroka. “Hayo maneno umeyapanga tangu nyumbani?”

“Yamekuja sasa hivi. Hata mimi yamenishangaza.”

Msichana huyo alitia rangi vitambaa nyumbani kwao na kuviuza, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Rangi. Bila kuombwa, alimweleza kijana kisa chote. Upepo mkali ulikuwa umeling’oa paa la nyumba ya mama yake mchana kweupe. Mama alikuwa amelipia bima miaka kumi na moja bila kukosa, na sasa kampuni imekataa dai lake.

“Mtathmini wao kaandika eti kuta zilikuwa zinavuja miaka na miaka, kwa hiyo paa lilikuwa limeshaoza. Limeoza! Nikimpata huyo mtu, namtafuna mbichi bila chumvi.”

Kijana akaufunika utepe wake kwa mkono. Yeye mwenyewe alikuwa mtathmini. Kampuni ilimpa kazi kwa mkataba, naye alikuwa amekuja kukabidhi ripoti. Aliandika ripoti arobaini kwa mwezi, na haikumjia akilini kwamba mojawapo ingekuwa ya huyu.

“Na wewe unafanya kazi gani?” Rangi akauliza.

“Ya vipimo.”

“Fundi nguo!”

“Karibu na hapo.”

Ukawa uongo mdogo, wa kupitishia muda. Lakini namba mia moja na nne ilipoitwa, walikuwa wameshapeana namba za simu.

Wiki tatu zikapita kama siku tatu. Simu ya Rangi ililia asubuhi akikoroga rangi, ikalia mchana akianika.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula. Wewe je?”

“Nasubiri uniulize ndipo nile.”

“Siku simu yangu ikizima utakufa na njaa, Mnara.”

“Nizike na gauni lako la njano.”

“Nani akupe! Hilo navaa siku nikikukataa, uumie vizuri.”

Walikutana kila Jumamosi bustanini, karibu na stendi. Kila mara Rangi alipotaja habari za bima, kijana alisema moyoni, leo namwambia. Halafu Rangi alicheka, meno yake ya mbele yakaonyesha ule mwanya wake, na neno likarudi tumboni.

Jumatatu moja Rangi akarudi kwenye ukumbi ule, akadai nakala ya ripoti iliyomnyima mama yake haki. Karani, dada mnene mwenye miwani na huruma, akamchapia. Rangi akakaa kwenye benchi la nje, akafungua ukurasa wa mwisho. Pale chini kulikuwa na sahihi ya mtathmini na namba ya simu yake.

“Leo utanitambua,” akasema kwa sauti, mpaka mlinzi akamwangalia.

Akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho, jina likajitokeza lenyewe juu ya kioo cha simu: Mnara Wangu.

Akaiangalia namba. Akaiangalia karatasi. Akapiga hivyo hivyo.

“Mpenzi! Nilikuwa nakuwaza sasa…”

“Dai la nyumba ya kona, paa limeng’olewa na upepo, mdai ni mama mjane. Ripoti ni yako?”

Zikasikika karatasi zikipekuliwa upesi.

“Rangi… nyumba ile ni yenu?”

“Nimekuuliza swali.”

“Ni yangu. Sikujua, naapa. Dai lina jina la mama tu.”

“Ulifika kwetu lini ukazipima hizo kuta?”

“Sikufika. Niliona picha alizopiga wakala wa kampuni.”

“Picha! Mama yangu analala kwenye chumba kimoja kilichobaki na bati, vyombo vyetu viko kwa shangazi, na wewe umeona picha! Halafu ukanicheka wiki tatu, fundi nguo.”

“Sikukucheka, mpenzi. Niliogopa kukuambia kazi yangu, kisha…”

“Usiniite mpenzi. Mpenzi wako ni karatasi.”

Akakata.

Kesho yake asubuhi kijana alisimama kwenye mlango wa nyumba ya kona, ngazi begani. Mama alikuwa anafagia sebule iliyofunikwa na anga. Alikuwa mwanamke mfupi, khanga kaifunga kiunoni kwa fundo la kazi.

“Shikamoo, mama. Mimi ndiye mtathmini.”

“Marahaba.” Mama akamtazama kutoka viatu mpaka nywele, safari ndefu. Akageuza shingo kuelekea ndani. “Rangi! Ndiye huyu?”

“Ndiye.”

“Mbona hukusema ni mzuri?”

“Mama!”

Kijana akaweka ngazi, akapanda. Mbao zilizovunjika zilikuwa nyeupe ndani, ngumu, kavu. Mbao iliyooza haivunjiki hivyo. Akashuka, akausogelea ukuta uliomponza. Michirizi ya kahawia ilitambaa kutoka juu hadi chini, sawasawa na alivyoiona kwenye picha. Ukuta unaovuja miaka huonekana hivyo hivyo. Kisha akaona waya uliokazwa juu, sambamba na ukuta, na chini yake ndoo tatu.

“Waya huu ni wa nini?”

Rangi alikuwa kaegemea mlango, mikono kaifumbata. “Siku za mawingu nilikuwa naanika humu. Vitambaa vinachuruzika. Una swali lingine la kijinga?”

Kijana akatoa leso nyeupe mfukoni, akailowesha kwenye maji ya sabuni, akasugua mchirizi mmoja. Leso ikatoka kahawia, ukuta ukabaki mweupe kama meno. Akasugua wa pili. Wa tatu. Jasho likamtoka.

“Ni rangi,” akasema kwa sauti ndogo. “Nilimnyima mama nyumba kwa sababu ya rangi ya vitambaa.”

“Ungekuja siku ile, ungeuliza,” Rangi akasema. “Nenda.”

Akaenda. Siku kumi hakupiga simu. Rangi alijiambia anashukuru, huku akiikagua simu kila baada ya kukamua kitambaa. Siku ya tano akaja mtathmini mwingine, mama mtu mzima mwenye miwani ya shingoni, akasugua ukuta, akapanda ngazi, akaenda zake akicheka peke yake.

Siku ya kumi na moja, wingu zito likiwa linajikusanya nyuma ya nyumba, simu ikalia. Alikuwa yule karani.

“Dada, keti kwanza. Dai limekubaliwa. Lote, mpaka dari.”

Rangi akapiga ukelele. Mama akadondosha ufagio.

“Subiri, sijamaliza. Ndani ya faili kuna barua ya yule mtathmini wa kwanza. Tumeisoma ofisi nzima. Hairuhusiwi, lakini nakusomea. ‘Ripoti yangu ilikuwa na makosa kwa sababu sikufika kwenye nyumba. Naomba mtathmini mwingine atumwe kuhakiki, kwa kuwa mimi siwezi kuaminika katika dai hili: nampenda binti wa mdai.’ Ameweka na muhuri, dada.”

“Muhuri?”

“Muhuri. Na mkataba wake umekatwa juzi.”

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Rangi puani. Akapiga namba ya Mnara.

“Uko wapi?”

“Nyuma ya nyumba yenu,” sauti ikajibu, ikihema. “Nimeona wingu, nimeleta turubai. Nilitaka kulifunga niondoke kabla hujaniona.”

Rangi akatoka mbio bila viatu. Kijana alikuwa tayari juu ya ngazi, turubai linampiga usoni, shati limelowa.

“Kwa nini hukuniambia wamekufukuza?”

“Nilitaka mama apate kwanza!”

“Shika pembe ile, inapeperuka!”

Rangi akavuta kamba huku, mama akavuta kule, mvua ikashuka kama iliyotumwa. Kijana akainama kutoka juu, maji yakimtiririka kidevuni.

“Rangi! Sina kazi, sina mkataba, na nimekukosea. Utanioa?”

“Mwanamke haoi, mnara wee, anaolewa!” mama akafoka kutoka pembeni. “Uliza upya!”

“Utakubali nikuoe?”

“Funga kamba kwanza! Vitambaa vyangu vinalowa!”

Akafunga fundo, akalikaza, akalivuta kwa uzito wake wote. Turubai likatulia. Chini yake sebule ikaacha kulowa.

“Nimefunga!”

Rangi akalitingisha turubai kwa mikono miwili, kwa nguvu, upande huu na upande ule. Halikusogea.

“Haya,” akasema. “Shuka nikujibu ukiwa chini, nikufikie shingoni.”